Ukuta Kwanza, Nyumba Baadaye

Ukitoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea Goba, Bunju, Chanika au Kigamboni, utapita viwanja ambavyo ndani yake hamna kitu ila majani na chungu ya mchanga, lakini vimezungushiwa ukuta wa tofali unaozidi kimo cha mtu. Geti la chuma lina kufuli. Nyumba yenyewe bado ni mchoro. Mambo ni hayohayo Kitengela na Ruiru, pembezoni mwa Nairobi, na njiani kutoka Arusha kwenda Usa River. Familia imekaa, ikapima mfuko wake, ikaamua kwamba fedha ya kwanza iende mpakani.

Uamuzi huo una sababu nzito. Kiwanja kilicho wazi huvamiwa. Huuzwa mara mbili na watu wasiokimiliki, hugeuzwa jalala, hukatwa njia ya miguu ambayo baada ya miaka kadhaa majirani huiona kuwa haki yao. Aliyekusanya fedha kwa muda mrefu kununua ardhi hawezi kulaumiwa kwa kutaka kuizungushia kitu. Ninachokipinga ni mazoea ya kudhani kwamba kitu hicho lazima kiwe ukuta mzima wa tofali, pande zote nne, kwa kimo kimoja. Kwa viwanja vingi vya makazi hilo ndilo jibu la gharama kubwa kuliko yote, na mara nyingi si jibu bora.

Mzizi wa tatizo ni kwamba tunaubebesha uzio kazi nne tofauti kana kwamba ni moja. Tunataka uonyeshe mpaka. Tunataka uzuie mbuzi, ng'ombe na mbwa wa mtaani. Tunataka umzuie mwizi. Tunataka pia utusitiri na macho ya wapita njia. Ua wa michongoma, wavu wa chuma, ukuta wa tofali na ukuta wa mawe havizifanyi kazi hizi kwa ubora uleule, na upande wa nyuma wa kiwanja hauna haja zilezile za upande wa barabarani.

Tuanze na mpaka, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Tanzania, kwenye kiwanja kilichopimwa, mpaka ni zile bikoni alizozipanda mpimaji pamoja na vipimo vilivyo kwenye ramani. Ukuta hauongezi haki yoyote. Ukijengwa nusu mita ndani ya ardhi ya jirani, hata ungekuwa wa zege tupu, shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unaweza kuamriwa uubomoe kwa gharama zako. Kwa hiyo malipo ya kwanza kabisa, kabla ya lori la mchanga, ni ya mpimaji aje afufue bikoni zilizopotea kwenye majani. Kamba ya fundi iliyofungwa kutoka mti wa jirani hadi kona ya ukuta wa jirani mwingine si kipimo.

Kenya hali ina sura nyingine, na kwa maoni yangu inafundisha zaidi. Sehemu kubwa ya mashamba ya vijijini imesajiliwa kwa mipaka ya jumla: ramani huonyesha takriban tu mstari unapopita, na alama zilizo ardhini, ua wa mimea ukiwemo, huwa na uzito. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeendeleza utaratibu huo, na kuharibu au kuondoa alama ya mpaka ni kosa. Asili yake ni miaka ya 1950, wakati wa mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya ardhi vilipokusanywa na kusajiliwa upya katika nyanda za juu. Wenye mashamba walitakiwa kupanda ua kwenye mipaka yao ili ukikua, picha zitakazopigwa kutoka ndegeni zionyeshe mistari waziwazi. Ua wa kayaba unaouona leo Nyeri au Murang'a unaweza kuwa umefanya kazi ya hati. Anayeung'oa ili ajenge ukuta wa kisasa bila kwanza kuelewana na jirani kwa maandishi anaondoa ushahidi wake mwenyewe.

Uchagani jambo hili lilitatuliwa zamani kwa mmea uitwao masale. Mstari wa masale kati ya kihamba (shamba la ukoo) na kihamba hauzuii hata kuku, wala haukukusudiwa kumzuia. Nguvu yake ni heshima. Jani lake ndilo hupelekwa kwa mtu unapoomba msamaha, na kung'oa masale ya mpakani ni jambo linaloukutanisha ukoo mzima. Mfano huu ninautaja kwa sababu unaonyesha jinsi kazi ya kwanza, ya kuonyesha mpaka, inavyoweza kufanywa kwa gharama ndogo sana pale ambapo watu wa pande zote mbili wanautambua.

Sasa tupige hesabu. Chukua kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, wenye kimo cha mita 2, unakula tofali zipatazo 1,800 juu ya ardhi. Ongeza kozi 3 za kwenye msingi, unakaribia 2,500. Ongeza nguzo kila baada ya mita 3, yaani nguzo zaidi ya 30 zenye nondo na kokoto, kisha mkanda wa zege juu, plasta pande mbili na rangi. Mtaro wa msingi wenye upana wa nusu mita na kina cha sentimita 60 unatoa mita za ujazo 30 za udongo zinazohitaji mahali pa kwenda. Wavu wa chuma kwa mzunguko huohuo unahitaji nguzo 34 hivi na mashimo yake, mita 100 za wavu, na waya wa kuukaza juu, katikati na chini. Ua wa michongoma uliopandwa mistari miwili kwa kupishana, kila mche sentimita 30 kutoka kwa mwenzake, unahitaji miche 670 hivi, samadi, na maji ya kiangazi cha kwanza. Sina haja ya kuweka bei hapa, kwani saruji hupanda na kushuka. Idadi zenyewe zinatosha kuonyesha tofauti.

Ila ua una gharama yake isiyoonekana kwenye risiti, nayo ni ardhi. Ua uliokomaa, ukitunzwa vizuri, una unene wa mita 1 hivi. Ukiupanda wote ndani ya mpaka wako kwenye kiwanja hichohicho, unapoteza mita za mraba 96 kati ya 600, yaani asilimia 16. Ukuta wa tofali unachukua kama mita za mraba 15 tu. Kwa mwenye ekari moja Mbeya au Kericho hasara hiyo ni ndogo. Kwa mwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20 Mbagala, ua kuzunguka pande zote haufai, na anayemshauri hivyo hajakaa kwenye kiwanja kidogo. Wenye nafasi finyu wana haki ya kutaka kitu chembamba, na hapo ushindani wa kweli ni kati ya ukuta na wavu uliopandiwa mmea wa kutambaa.

Turudi kwenye ukuta, kwa sababu ndio unaopendwa na ndio unaoanguka. Ukuta wa uzio haufanani na ukuta wa nyumba. Wa nyumba unashikwa na kuta nyingine kwenye kona na kubanwa na paa juu. Wa uzio umesimama peke yake, mrefu na mwembamba, ukipigwa na upepo upande mmoja. Nguzo na mkanda ndivyo vinavyoushikilia, na ndivyo mwenye nyumba anavyovipunguza fedha inapokatika. Pale penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kama sehemu kubwa za Nairobi na baadhi ya mabonde ya Dodoma, ukuta wa uzio huumia mapema kuliko nyumba, kwa kuwa ni mwepesi na msingi wake ni wa kina kifupi. Udongo unaunyanyua huku, unauachia kule. Nyufa za mshazari zinazoonekana baada ya misimu miwili ya mvua hazitokani na uvivu wa fundi peke yake. Huko, chimba hadi uupite udongo huo kama kina kinaruhusu, na ugawanye ukuta vipande vipande kwa kuacha upenyo mwembamba kila baada ya mita chache, ili kila kipande kicheze peke yake. Nguzo za wavu hazijali sana mambo hayo, maana hata zikiinama kidogo hakuna kinachopasuka.

Maji ndiyo adui mkubwa zaidi, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Ukuta mzima uliojengwa kukatiza mteremko ni bwawa. Maji yakijaa nusu mita nyuma yake, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu ya kilo 125 hivi. Yakifika mita 1, nguvu hiyo inakuwa kilo 500. Ukuta wa inchi 6 usio na tundu hata moja haukuandaliwa kwa mzigo huo. Huanguka ghafla, na huangukia upande wa chini, ambako pengine watoto wa jirani wanacheza au kuna chumba cha mpangaji. Hatari hiyohiyo ipo pale jirani wa juu anapojaza kifusi kusawazisha kiwanja chake na kukiegemeza kwenye ukuta wenu. Kuanzia siku hiyo ukuta wa uzio umegeuzwa kuwa wa kuzuia udongo, kazi inayotaka msingi mpana na hesabu ya mhandisi. Matundu ya kutolea maji chini ya ukuta, kila baada ya mita 1 au 2, yanagharimu karibu na bure. Bado utazunguka mitaa mizima Dar es Salaam usiyaone, kwa sababu mwenye nyumba anaogopa nyoka au panya wasipite. Weka kipande cha wavu kwenye tundu, maji yapite na nyoka abaki nje.

Mawe yana habari tofauti, na nayapenda. Kule Migori, Kenya, kuna Thimlich Ohinga, maboma yaliyojengwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa, yanayokadiriwa kuwa ya karne ya 16. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake ni kama mita 1. Wajenzi walipanga uso wa nje, wakapanga uso wa ndani, wakajaza mawe madogo katikati. Wakaweka vishikizo vya mawe pale palipohitaji kuimarishwa, na milango wakaifanya mifupi, anayeingia ainame. Hakuna saruji ya kupasuka, na maji hupita katikati ya mawe bila kusukuma chochote. Kinachoushikilia ukuta wa namna hiyo ni uzito na unene wake. Ndiyo maana hauwezi kuigwa kwenye kiwanja kidogo. Lakini mtu wa Mwanza ambaye mawe yamo ndani ya kiwanja chake, au wa Arusha anayechimba msingi na kutoa mawe ya volkano, afikirie mara mbili kabla ya kulipia lori liyachukue kisha alipie lori jingine lilete tofali. Kitako cha mawe chenye kimo cha nusu mita, kipana chini na chembamba juu, kinaweza kubeba wavu au mbao juu yake na kudumu kuliko aliyekijenga.

Pwani tuna jiwe letu la matumbawe. Unguja na Lamu lilijengewa kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu uingie na utoke. Mwenye ukuta wa zamani wa aina hiyo asiupake plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda plasta hubanduka pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Chokaa kwa chokaa ndiyo dawa yake. Kenya bara, mawe ya kuchongwa ya Ndarugu hutumika kama tofali, na yote niliyosema juu ya msingi, nguzo na maji yanayahusu vilevile.

Kwenye ua wa mimea, chaguo la mmea ndilo linaloamua kila kitu. Kayaba, mmea uliotoka kusini mwa Afrika, ndio ninaouweka mbele kwa nyanda za juu. Una miiba inayoweza kuzidi sentimita 5, hustahimili ukame ukishashika, na ukikatwa vizuri hata mbwa hapiti. Kwenye joto la nyanda za chini tunapanda michongoma, ingawa jina hilo hubeba mimea zaidi ya mmoja, hivyo mwambie mwenye kitalu akuonyeshe mmea uliokomaa kabla hujanunua miche. Minyaa ya Usukumani na Ugogoni huota kwa kuchomeka matawi, haiombi maji, na mbuzi hawaigusi. Lakini utomvu wake ukiingia machoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Nyumba yenye watoto wadogo isiipande karibu na wanapochezea. Mbono ni rahisi kuuotesha, ila mbegu zake ni sumu. Mkonge, kama wanavyoupanda Ukambani na Tanga, huzuia ng'ombe vizuri sana na hautaki utunzaji, ila hula nafasi. Mfugaji wa nyanda za juu atazame kaliandra, kwani kilo 3 za majani yake mabichi zinakaribia kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa kinachouzwa dukani. Lantana, hata kama maua yake yanapendeza, iachwe. Inavamia malisho na kudhuru mifugo.

Ua unaharibiwa na kiburi cha kuutaka uwe mrefu upesi. Miche ikiachwa ipande juu bila kukatwa, chini hubaki fito tupu, na mbuzi hupita hapo siku zote. Kata mapema, ukiwa bado na kimo cha goti, kisha ukate tena kila msimu wa mvua, uuache mpana chini na mwembamba juu ili mwanga ufike kwenye matawi ya chini. Utangoja miaka 2 au 3 kabla haujazuia mnyama. Huo ndio udhaifu wake wa kweli, na ndiyo sababu wengi wanaukatia tamaa. Katika muda huo waya wa seng'enge au matawi ya miiba lazima yafanye kazi kwa niaba yake.

Vipi kuhusu mwizi? Wengi wanaamini ukuta mrefu ndio usalama. Ukuta unamchelewesha anayeingia, hilo halina ubishi. Lakini akishauruka, ukuta uleule unamficha. Jirani haoni, mpita njia haoni, mlinzi wa mtaa akipita na tochi anaona plasta. Mwandishi Jane Jacobs aliandika juu ya miji ya Marekani mwaka 1961 akisisitiza kwamba macho ya watu wa mtaani ndiyo ulinzi wa kwanza wa barabara. Sisi tulikuwa na utaratibu wa nyumba kumi, uliosimama juu ya kujuana na kuonana. Mtaa wa kuta ndefu pande zote mbili umeyaondoa macho hayo, kisha unalipia vipande vya chupa, nyaya za wembe na uzio wa umeme ili kufidia. Upande wa mbele wa nyumba, unaotazama barabara, naona wavu imara au nondo zilizosimama juu ya kitako kifupi ni salama zaidi kuliko ukuta mzima, mradi kuwe na taa.

Stara ni jambo jingine, na silichukulii kama anasa. Pwani, uani ni mahali pa kupikia, kufulia, kusuka na kuzungumza, na wanawake wa nyumba wana haki ya kukaa hapo bila kutazamwa. Zamani ua wa makuti ulitosha, na bado unatosha kwa mwenye minazi na mikono ya kuubadilisha ukichakaa. Pale ambapo stara inatakiwa, jenga ukuta. Ujenge upande huo tu, uzungukie uani, usizungushe mita 100. Na ufikirie upepo. Kwenye joto la pwani ukuta mzima ulio mita mbili kutoka dirishani huzuia hewa inayopoza vyumba, na tofali zenye matundu ya mapambo hupitisha hewa huku zikiyazuia macho. Kwenye tambarare zenye vumbi, kama Dodoma au Kajiado, ua unaopitisha karibu nusu ya upepo hutuliza hewa hadi umbali wa mara kumi ya kimo chake. Ukuta mzima huufanya upepo urukie juu na kushuka nyuma yake ukizungukazunguka, vumbi likiwemo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa familia yenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mchanganyiko. Ukuta wa kweli, wenye nguzo na matundu, kwenye uani na popote penye stara au kelele za barabara kubwa. Kitako na wavu mbele. Pembeni na nyuma, wavu mwepesi na mmea wa miiba uliopandwa kuupitia, wavu ukilinda mche leo na mche ukiulinda wavu kesho. Huko Simanjiro wafugaji, wakisaidiwa na shirika la African People & Wildlife, wamejenga maboma ya mifugo kwa wazo hilohilo: nguzo ni miti hai ya jamii ya Commiphora, inayoshika mizizi na isiyoliwa na mchwa kama mti mkavu, na kati yake unapita wavu wa chuma. Yanazuia simba. Karibu na bahari wavu wa kawaida hushika kutu upesi, hivyo nunua uliopakwa zinki nzito au uliofunikwa plastiki, na nguzo ziwe za zege.

Kabla ya kuchimba upande wa barabara, uliza barabara hiyo ni ya nani. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 imepanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za awali, na ukuta uliomo humo ndio unaopigwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa. Kwa jirani, kaeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa mwandikishane: mstari unapita wapi, nani analipia nini, nani anakata ua upande gani, na maji ya mvua yatatokea wapi. Kama mmeafikiana kupanda, miche iingie ardhini masika yanapoanza mwezi Machi. Kwa Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja, ni mvua za Desemba. Mashimo yachimbwe na kujazwa samadi wiki kadhaa kabla.